Kisu Kutoka Kamba ya Winchi

Kamba ya waya ikishatolewa kwenye winchi au kreni, mara nyingi chuma chake bado ni kizima kabisa. Mkaguzi ameona waya kadhaa zimekatika au unene umepungua, na kanuni zinamkataza kuiacha ining'inize mzigo juu ya vichwa vya watu. Inatupwa nyuma ya karakana, inalala juani na mvuani, na mwisho inauzwa kwa kilo pamoja na rimu za magari na mabati yaliyotoboka. Mhunzi akiiona hapo asimame. Ndani ya mita moja ya kamba nene mna chuma cha kutosha visu viwili au vitatu vyenye makali ya kudumu na mchoro ambao haujirudii katika kisu kingine chochote.

Waya hizo huvutwa kutoka chuma chenye kaboni ya takriban asilimia 0.7 hadi 0.8. Kiasi hicho ndicho kinachokifanya chuma kikubali kukakamaa kinapochovywa kwenye mafuta kikiwa chekundu. Nondo ya ujenzi haina hata nusu yake, ndiyo maana kisu cha nondo hupendeza siku ya kununuliwa na wiki ya pili hakikati hata nyanya. Kamba yenyewe ilizaliwa migodini. Mwaka 1834 Wilhelm Albert, ofisa wa migodi wa Clausthal katika milima ya Harz, Ujerumani, alisokota waya za chuma badala ya minyororo iliyokuwa ikikatika bila taarifa. Mnyororo ukivunjika pete moja, mzigo wote umeanguka. Kamba hukatika waya moja moja, na mtu makini huona hatari mapema. Kufua visu kwa kamba hizo ni jambo la baadaye sana, na walioeneza ni wahunzi wa Marekani baada ya 1973, mwaka ambao Bill Moran alionyesha hadharani visu vyake vya chuma cha tabaka zilizoungwa kwa moto.

Neno moja ulishike kabla hujawasha mkaa: waya mia na zaidi zinageuka kipande kimoja kwa usafi na joto. Nyundo inakuja mwisho, na kazi yake ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Nimeona vijana wenye mikono ya nguvu wakipiga kipande kibichi kwa hasira mpaka kinachanuka, na nimeona mzee akikigusa kipande kilichoiva kwa nyundo ndogo nacho kikashikana. Ukielewa hilo, sehemu kubwa ya ufundi huu umeipata.

Kamba ipi ichukuliwe

Wauzaji watakutajia namba kama 6x19 au 6x36. Namba ya kwanza ni idadi ya mapote yaliyosokotwa pamoja, ya pili inahusu waya zilizomo katika kila pote. Kwa unene uleule, 6x19 ina waya nene zaidi, nami naipendekeza hiyo bila kusita. Moto hula kaboni kuanzia usoni mwa waya, na waya nyembamba haina kina cha kuhimili. Kamba yenye waya nyembamba kama nywele huishia kuwa chuma laini kilichoungwa vizuri, na kisu chake hakishiki makali.

Tazama na kiini. Kamba nyingine zina katani au plastiki katikati, nyingine zina kamba ndogo ya chuma. Yenye kiini cha chuma ndiyo bora. Ile ya katani inafaa pia, mradi uuvute utambi wote utoke kabla ya kazi, lakini tundu linalobaki itabidi ulizibe kwa kusokota zaidi.

Unene usipungue milimita 25. Kamba ya kipimo hicho si chuma kitupu: karibu asilimia 40 ya duara lake ni hewa na grisi. Ukiibana mpaka hewa iishe unapata kipande cha mraba chenye pande za milimita 16 au 17, na moto utakula kidogo zaidi. Kipande cha sentimita 30 kina uzito wa zaidi ya nusu kilo, kinatosha kisu kimoja cha kawaida na ziada ya kukatwa mwishoni. Kamba ya milimita 12 itakupa kitu cha kuchongea penseli.

Sasa kuhusu zinki, na hapa sitaki uruke hata sentensi moja. Kamba nyingi za siku hizi, hasa za meli, za mahema makubwa na zile zinazoshikilia nguzo, zimepakwa zinki ili zisishike kutu. Zinki huchemka kwenye digrii 907 za Selsiasi, mbali sana chini ya joto la kuungia chuma, na moshi wake mweupe ukivutwa huleta homa ya mafusho. Dalili huja saa kadhaa baada ya kazi: baridi na kutetemeka, mwili kupata joto, kichwa kuuma, ladha ya chuma mdomoni. Katika nchi zetu mtu wa namna hiyo atajiambia ni malaria, atameza dawa mseto na kesho yake kurudi kwenye moshi uleule. Wachomeleaji wengi wanaamini glasi ya maziwa inasafisha kifua. Maziwa yanakwenda tumboni na moshi umeingia mapafuni, hayakutani. Kamba iliyolala nje mwaka mzima na bado ina rangi ya kijivu inayong'aa bila kutu, iache hapo hapo. Wapo wanaosema wataitoa zinki kwa asidi. Kwa kamba yenye waya mia, huwezi kujua asidi imefika ndani, kwa hiyo tafuta kamba nyingine.

Iache pia kamba ya chuma kisichoshika kutu, ambayo sumaku huishika kwa unyonge. Haikubali kuungwa kwa njia hii. Kamba nzuri kwetu sisi ni ile nyeusi, yenye grisi, yenye kutu nyepesi juu, na ukiyafunua mapote ndani unakuta waya safi. Kutu iliyochimba mashimo ndani haifai.

Kabla ya kulipa, omba waya moja ujaribu. Ipashe hadi iwe nyekundu iliyoiva, ichovye kwenye maji mara moja, kisha jaribu kuikunja. Ikivunjika papo hapo, kaboni imo. Ikikunjika bila kuvunjika, mwachie muuzaji mali yake.

Na ulipe kwa muuzaji anayeeleweka, uchukue risiti. Januari 2022 serikali ya Kenya ilisimamisha kwa miezi kadhaa biashara yote ya chuma chakavu baada ya miundombinu ya umeme kuhujumiwa, na tangu 2015 nchi hiyo ina sheria inayomtaka kila mfanyabiashara wa chakavu awe na leseni. Waya unaoshikilia nguzo ya umeme ukikatwa, nguzo inaweza kumwangukia mtoto anayekwenda shule. Kisu cha waya huo mimi sitakigusa.

Kuikata na kuisafisha

Kamba iliyosokotwa kiwandani ina msukumo ndani yake, na ukiikata ovyo hufumuka na kurusha ncha za waya usoni. Funga waya wa kufungia nondo pande zote mbili za mahali utakapokata, raundi nyingi na kwa kubana, ndipo upitishe grainda katikati. Glovu na miwani ni lazima.

Vipande viloweke kwenye mafuta ya taa usiku kucha. Petroli isikaribie kazi hii. Asubuhi visugue kwa brashi ya waya, vioshe kwa maji ya moto na sabuni ya unga mara mbili, kisha vianike mpaka vikauke kabisa. Grisi ya kamba imetengenezwa ing'ang'anie, kwa hiyo maji ya mwisho yasipokuwa safi rudia. Wako wanaosema moto utaichoma grisi yote. Ni kweli huichoma, na majivu yake hubaki katikati ya waya, mahali pale pale unapotaka chuma kikutane na chuma.

Kipande kikishakauka, kichomelee ncha zote mbili kwa mashine ya umeme, ukihakikisha kila waya imeshikwa, pamoja na za kiini. Ncha moja iongezee nondo ya milimita 12 yenye urefu wa kama sentimita 60. Hiyo ndiyo mkono wako. Koleo itahitajika baadaye, lakini kwa hatua ya kuunga, nondo hukupa utulivu ambao koleo haiwezi kukupa.

Moto

Tanuri la gesi ni rahisi kulitawala, na kama unalo litumie, moto wake ukiwa na gesi kidogo zaidi ya hewa. Asiye nalo asikate tamaa. Mkaa wa miti migumu na feni ya umeme vinatosha. Wahaya wa Kagera waliyeyusha chuma kwa mkaa na mivukuto ya mkono karne nyingi kabla ya reli kufika, na Peter Schmidt na Donald Avery, walioandika juu ya matanuri yao katika jarida la Science mwaka 1978, walionyesha kuwa joto lake lilipita digrii 1,300. Sisi tunahitaji kama 1,250 tu. Mkaa una faida nyingine: hauna salfa, adui mkubwa wa kuunga chuma. Makaa ya mawe lazima kwanza yaungue mpaka moshi uishe ndipo chuma kiingie.

Siri ya moto wa mkaa ni kina. Rundika mkaa, kipande kikae juu ya kitovu cha moto, mbali na tundu la hewa. Karibu na tundu hewa ni nyingi kuliko mkaa unavyoweza kuila, na hewa hiyo ya ziada inakiunguza chuma chako na kukiwekea magamba. Kipande kifunikwe na mkaa juu yake. Tanuri liwe kivulini, kwa sababu jua kali huficha rangi na rangi ndiyo kipimo chako. Vaa aproni ya ngozi, viatu vilivyofungwa na nguo za pamba. Nailoni ikipatwa na cheche hushikamana na ngozi ya mtu.

Kwa fuawe, kipande cha reli kinatosha, kama ambavyo wahunzi wa Kamukunji jijini Nairobi wamekuwa wakifanya miaka yote. Kipashe kwanza kwa kukiwekea chuma cha moto juu, kwa maana fuawe baridi hunyonya joto lote la kipande chembamba kabla hujapiga mara ya tatu. Halafu kichomelee chuma cha pembe juu ya bamba, mdomo wake ukitazama juu, upate mfereji wa pande mbili. Kamba ni duara na kwenye fuawe tambarare hubiringika na kutawanyika. Ndani ya mfereji huo imeshikwa pande mbili na nyundo ni upande wa tatu.

Kuunga

Kinachozuia waya mbili zisiungane ni magamba ya moto yanayojitengeneza juu yake kila zinapokutana na hewa. Kazi ya boraksi ni kuyayeyusha na kuyafunika yasijitengeneze tena. Ni boraksi ile ile wanayoitumia masonara na wachimbaji wadogo kuyeyushia dhahabu, na kwa masonara ndipo utakapoipata kwa urahisi. Inayouzwa huwa na maji ndani yake, hivyo ikaange kwenye sufuria kuukuu mpaka ivimbe na iache kutoa mvuke, kisha uiponde tena iwe unga. Isiyokaangwa huchemka na kuruka kutoka kwenye chuma.

Moto wa kwanza usiwe mkali. Kipashe kipande mpaka kiwe chekundu hafifu, kibane kwenye jiliwa, na uzungushe nondo kinyume cha msokoto kidogo tu, mapote yafunguke. Kigongegonge, kipige brashi ya waya kwa haraka. Utaona unga mweusi ukidondoka, na huo ni uchafu ambao mafuta ya taa hayakuufikia. Rudisha motoni, na kikifika rangi nyekundu iliyoiva, kama digrii 800, nyunyiza boraksi pande zote. Itayeyuka na kuingia katikati ya waya. Usiwe bahili.

Ongeza moto mpaka rangi ya chungwa inayokaribia manjano, kibane tena kwenye jiliwa, na sasa uzungushe kwa kufuata msokoto, ukaze mpaka kamba igome. Fanya kwa mwendo mmoja, bila kishindo. Sehemu iliyopoa haitazunguka na sehemu ya moto itazunguka kupita kiasi, kwa hiyo joto liwe sawasawa urefu wote. Kikipinda kinyooshe papo hapo. Ongeza boraksi.

Ndipo uje moto wenyewe. Punguza mazungumzo karakanani, maana hatua hii inataka macho. Kipande kitapita chungwa, kitaingia manjano, na boraksi itaanza kutiririka juu yake na kutoa moshi mwembamba. Endelea, ukikigeuza kila baada ya sekunde chache. Uso wa chuma utabadilika uonekane umelowa, unameremeta kama siagi inapoanza kuyeyuka kwenye kikaango. Hapo umefika. Lakini usikitoe. Rangi unayoiona ni ya waya za nje, na kiini bado kinafuata nyuma. Punguza hewa, kishikilie kwenye rangi hiyo dakika moja au mbili. Watu wengi hushindwa hapa: wanaona uso umeiva, wanakimbilia fuawe, na katikati ya kisu wanabaki na kamba.

Ukiona cheche nyeupe zinaruka kutoka kwenye chuma, umevuka mpaka. Hizo ni waya zako zinaungua, na kilichoungua hakirudi. Kata sehemu hiyo.

Kitoe, kiweke ndani ya mfereji, anza mwisho mmoja. Nyundo ya kilo moja, mapigo mepesi na ya haraka, sentimita tano kwa wakati mmoja, ukigeuza robo mzunguko kila mapigo mawili matatu. Boraksi ya moto itaruka kwa pigo la kwanza, kwa hiyo asisimame mtu mbele yako. Ukisikia mkono unarudishiwa na chuma kigumu na mlio umebadilika kutoka mkwaruzo wa waya kuwa sauti nzito, sehemu hiyo imeshikana. Rangi ikishuka chini ya manjano, acha kupiga. Kila pigo kwenye kipande kilichopoa linafungua ulichofunga. Boraksi tena, motoni tena, sehemu inayofuata, ikipanda kidogo juu ya ile ya kwanza.

Ukimaliza urefu wote, rudia safari nzima tangu mwanzo kwa joto lile lile. Sina msamaha katika hili. Raundi ya kwanza hushika waya za nje, ya pili humaliza ndani. Muda wote huo kipande kibaki duara au mraba. Ukikilaza kiwe bapa mapema, waya zinateleza kando na nyufa zinafunguka urefu wa kipande.

Kuna njia rahisi ya kujua kama pana pengo. Kipande kikiwa kinapoa kutoka wekundu, kitazame kivulini. Joto halivuki pengo vizuri, kwa hiyo mahali pasiposhikana pataonekana kama kivuli au mstari wa rangi tofauti na majirani zake. Weka alama kwa chaki ya fundi na upashe upya. Kisha kata ncha moja kwa grainda, ing'arishe kwa msasa, uitazame: isionekane mistari myeusi wala vitundu. Ndipo ukinyooshe kuwa bapa la milimita 5 au 6, nalo ulifanye kwenye rangi ya manjano, si nyekundu.

Umbo, mafuta na oveni

Kufua umbo la kisu kutoka hapo ni kazi ya kawaida ya uhunzi, nami nitaipita upesi. Fua ncha kwanza, kisha msuka, kisha mteremko wa makali. Usipige chuma kikishakuwa chekundu cha giza. Acha unene wa ziada wa nusu milimita hadi moja kila upande, kwa kuwa ngozi ya juu imepoteza kaboni na lazima isagwe iondoke. Makali yenyewe kabla ya kuchovya yabaki na unene wa milimita moja na nusu. Yakiwa membamba zaidi yatapinda au kupasuka.

Chuma kilichokaa kwenye joto la kuungia kina chembe kubwa ndani yake na kinavunjika kirahisi. Kitulize: kipashe mpaka sumaku isikishike, kitoe, kining'inize hewani kipoe mpaka kiwe cheusi. Rudia mara tatu, kila mara joto likiwa chini kidogo ya lililopita.

Kwa kukikakamaza, sumaku ndiyo rafiki. Chuma huacha kushikwa nayo karibu na digrii 770. Ongeza kidogo tu juu ya hapo, kama 800 hadi 820, rangi iwe moja kuanzia kisigino hadi ncha, kisha chovya kwenye mafuta ya alizeti yaliyopashwa hadi digrii 50 au 60. Ingiza makali yakitangulia, ukisogeze mbele na nyuma, kamwe usikisogeze ubavuni. Maji usiyatumie: kamba iliyoungwa hupasuka kwenye mishono yake. Mafuta machafu ya injini pia yaache, moshi wake ni sumu. Chombo kiwe cha chuma na kifuniko chake kiwe karibu, maana mafuta yanaweza kushika moto. Tupa ikipitishwa kwenye makali iteleze bila kung'ata. Iking'ata, joto halikutosha.

Kisu kilichotoka hapo ni kigumu lakini kikianguka sakafuni kinaweza kuvunjika. Usikiache kilale hivyo. Siku hiyo hiyo kiingie kwenye oveni ya digrii 200, saa mbili, kipoe, saa mbili tena. Asiye na oveni atumie mchanga mkavu kwenye sufuria juu ya jiko, mgongo wa kisu ukielekea chini kwenye joto, na akiona rangi ya majani makavu inafika kwenye makali akitoe.

Mchoro na mpini

Kisage na ukisugue kwa msasa mpaka namba 400 au 600. Wakati huo kitaonekana chuma cha kawaida tu. Mchoro unaletwa na feriki kloraidi, maji ya kahawia wanayoyatumia mafundi wa elektroniki kung'ata shaba kwenye bodi za saketi. Changanya sehemu moja na maji sehemu tatu, kwenye chombo cha plastiki, uvae glovu za mpira. Kisu kisafishwe mafuta yote kwanza, alama ya kidole hubaki kama doa. Kila dakika kumi kitoe, kisugue polepole kwa msasa laini, ukirudishe, mpaka uridhike. Siki iliyopashwa moto inafanya kazi hiyo pia, polepole zaidi. Mwisho kioshe kwa maji yenye bikaboneti ya soda ili asidi ife.

Kitakachojitokeza ni magamba kama ya chatu, yaliyolala kwa kufuata msokoto. Waya zote ni za chuma kimoja, kwa hiyo rangi hazitokani na metali mbili. Mistari ya mwanga ni nyuso za waya zilizopoteza kaboni kidogo motoni, na kijivu cheusi ni miili ya waya iliyobaki na kaboni yake. Mistari myeupe ikiwa mipana kuliko myeusi, ulikichelewesha motoni.

Mpini mimi napenda uwe wa mpingo. Ni mti mzito kiasi cha kuzama majini, haunywi maji, na wachongaji wa Mwenge jijini Dar es Salaam huwa na mabaki mafupi yasiyofaa kinyago lakini yanatosha mpini. Vaa barakoa unapousaga, vumbi lake huwasha kifua. Toboa tundu la msuka, tia noleo la shaba ya manjano, jaza gundi ya epoksi, na ukiache kikauke siku nzima.

Kukijaribu kabla ya kukiuza

Chama cha wahunzi wa visu cha Marekani, American Bladesmith Society, kilichoanzishwa mwaka 1976, humtaka anayetafuta daraja akate kwa pigo moja kamba inayoning'inia ya unene wa inchi moja, kisha akatekate mbao mbili, na baada ya hapo kisu bado kinyoe nywele za mkono. Sisi tunayo kamba ya katani ya Tanga, nayo inamaliza makali mabovu kwa haraka. Kata vipande hamsini kwenye ubao, kata tawi gumu, kisha uyatazame makali yote kwa kioo cha kukuzia. Bonyeza makali juu ya fimbo ya shaba ya manjano: yanatakiwa yapinde kidogo na kurudi. Yakibaki yamepinda ni laini, yakimeguka yalihitaji oveni zaidi.

Chuma hiki hushika kutu, na pwani hushika mara moja. Mwambie mnunuzi akifute kila akimaliza na akipake mafuta ya nazi. Kwa jikoni ninashauri utoe tu kile ambacho hakina hata alama ndogo ya mshono, kwa sababu kwenye mshono nyama hujificha na kuoza. Kilichobaki na kasoro ndogo ubavuni kinafaa shambani na msituni. Lakini kisu kilichofunguka mshono kwenye makali usikiuze hata kwa bei ya kutupa, na usimpe rafiki. Kikate katikati kwa grainda, ukitazame ndani uone ni wapi joto halikufika, kisha ukate sentimita 30 nyingine za kamba.